Nauli au petroli? Gharama halisi ya kwenda kazini kwa pikipiki

KILA tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za mafuta zitakazotumika hadi tarehe kama hiyo ya mwezi unaofuata. Kwa mwenye gari, tangazo hilo huamua iwapo gari litatoka au litabaki limeegeshwa. Kwa abiria wa matatu ni ishara ya kujiandaa, kwa kuwa makondakta huwa wepesi wa kupandisha nauli na wazito wa kuishusha. Katikati ya makundi haya mawili limechipuka la tatu: karani, fundi, mwalimu au mlinzi aliyenunua pikipiki, si kwa biashara ya bodaboda, bali kwa ajili ya kwenda kazini na kurudi nyumbani.

Wengi wao hutoa sababu moja ya uamuzi huo, kwamba petroli ya pikipiki ni nafuu kuliko nauli. Mara nyingi hilo ni kweli. Hata hivyo, anayelinganisha nauli na petroli peke yake ni kama mpishi anayehesabu makaa akasahau unga. Petroli ndiyo gharama inayoonekana kwa sababu hulipwa kila siku mbili tatu, pesa mkononi. Gharama nyingine hujificha kwenye tairi, kwenye cheni na katika thamani ya pikipiki yenyewe, na hujitokeza kwa ghafla mwenyewe akiwa hana kitu mfukoni.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayeishi Ongata Rongai na kufanya kazi Eneo la Viwandani, Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 20. Tuseme hulipa Sh50 za bodaboda kutoka nyumbani hadi stejini, Sh100 za matatu hadi katikati mwa jiji, na Sh50 nyingine za kumfikisha kazini. Kwenda na kurudi ni Sh400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, nauli ya mwezi mzima ni Sh8,800.

Mfanyakazi huyo akinunua pikipiki ya injini ya cc 150, ya aina ya Boxer au TVS zilizojaa katika barabara za Kenya, atasafiri kilomita 880 kwa mwezi. Katika msongamano wa asubuhi, pikipiki ya aina hiyo ikitunzwa vyema huenda kilomita 40 hivi kwa lita. Atahitaji lita 22. Kwa bei ya Sh180 kwa lita, iliyochukuliwa hapa kwa urahisi wa hesabu tu, hizo ni Sh3,960. Ukitoa katika nauli, zinabaki Sh4,840 mfukoni. Hapo ndipo wengi hufunga daftari.

Daftari likiachwa wazi, mambo hubadilika. Mafuta ya injini hubadilishwa, tuseme, kila baada ya kilomita 2,000 kwa Sh700, yaani Sh308 kwa mwezi katika mwendo huo. Tairi mbili za Sh6,000 zikidumu kilomita 15,000, zinakula Sh352 kila mwezi. Cheni na meno yake ya mbele na nyuma kwa Sh2,400, zikidumu kilomita 12,000, ni Sh176. Plagi, viatu vya breki, nyaya za klachi, balbu, kichujio cha hewa na ujira wa fundi havikosi kumaliza Sh500 kwa mwezi, hata kama kuna miezi ambayo hakuna kinachoharibika. Bima ikiwa Sh4,800 kwa mwaka ni Sh400 kwa mwezi.

Kisha kuna uchakavu, ambao hakuna anayeutolea risiti. Pikipiki iliyonunuliwa kwa Sh180,000 na kuuzwa baada ya miaka mitano kwa Sh72,000 imempotezea mwenyewe Sh108,000. Gawanya kwa miezi 60, upate Sh1,800 kila mwezi. Pesa hizo hazitoki mfukoni leo, lakini siku ya kununua nyingine ndipo anayejidai kuokoa hugundua kwamba alikuwa akiila pikipiki yake kidogo kidogo.

Jumla ya yote hayo ni Sh7,496 kwa mwezi, na petroli imechukua zaidi kidogo ya nusu. Akiba imeshuka kutoka Sh4,840 hadi Sh1,304. Ni akiba bado, lakini si ile aliyosimuliwa na jirani. Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Kila msomaji anaweza kuweka zake, maana duka la vipuri la Rongai na la Kisii halina bei moja. Kinachodumu ni mpangilio wenyewe wa hesabu.

Hali huwa tofauti kabisa kwa anayepanda gari moja tu. Kutoka Kitengela hadi katikati mwa Nairobi ni kilomita 30 hivi. Kwenda na kurudi kwa siku 22 ni kilomita 1,320. Hata pikipiki ikienda kilomita 45 kwa lita kwa kuwa sehemu kubwa ya barabara hiyo ni wazi, petroli pekee itagharimu Sh5,280. Abiria anayelipa Sh100 kila safari hutumia Sh4,400 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, matatu imemshinda mwenye pikipiki kabla hata hajanunua tairi. Nauli ikipanda hadi Sh150, abiria atalipa Sh6,600 ilhali mwenye pikipiki, akijumlisha yote kwa viwango vile vile, atakuwa amepita Sh9,000. Isitoshe, pikipiki haziruhusiwi katika Barabara ya Expressway iliyofunguliwa 2022, hivyo anayetoka Kitengela hana budi kupambana na malori ya Mombasa Road chini yake.

Hii haimaanishi kwamba mkazi wa Kitengela mwenye pikipiki ni mpumbavu. Pengine ananunua kitu kingine. Anayelazimika kuamka saa kumi alfajiri ili awahi matatu, na kufika nyumbani saa tatu usiku watoto wakiwa wamelala, huenda akapata saa mbili zaidi kwa siku akiwa na pikipiki. Saa hizo zina thamani, na kila mtu aipime mwenyewe. Ila asiiandike kwenye safu ya petroli. Pikipiki humfaidi hasa kifedha mtu ambaye safari yake inahitaji magari mawili au matatu, au anayeishi pahali ambapo matatu haifiki na bodaboda ndiyo njia pekee ya kutoka.

Kuna pia wanaogawana gharama. Mume anayemshusha mkewe kazini njiani huongeza petroli kidogo tu, lakini anaondoa nauli nzima ya mtu wa pili, na hesabu ya Rongai hapo juu hugeuka kuwa akiba kubwa. Sheria ya Trafiki huruhusu abiria mmoja pekee, naye sharti awe na kofia ya usalama na jaketi inayoakisi mwanga sawa na mwendeshaji. Lakini anayeanza kumbeba jirani kwa malipo ajue kwamba bima ya pikipiki ya kibinafsi haikukusudiwa abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kumlipia.

Yote haya yamechukulia kwamba pikipiki ilinunuliwa kwa pesa taslimu. Wengi hawana Sh180,000 za mkupuo. Huingia kwenye mkopo wa kulipa kila siku, mpango uliobuniwa kwa ajili ya wahudumu wa bodaboda ambao hupata pesa kila siku. Tuseme mkopaji ametoa Sh30,000 za mwanzo, halafu Sh450 kila siku kwa siku 540. Atakuwa amelipa Sh273,000 kwa kitu cha Sh180,000. Zile Sh93,000 za ziada, zikitandazwa kwa miaka mitano ya kutumia pikipiki, ni Sh1,550 kwa mwezi. Akiba ya Rongai ya Sh1,304 imekwisha na deni limebaki. Mhudumu wa bodaboda hulipa kwa mapato yanayotoka kwenye pikipiki hiyo hiyo. Mfanyakazi wa mshahara hulipa kwa pesa ambazo zingelipa karo. Afadhali mtu wa namna hii aweke akiba chamani kwa mwaka mmoja, au akope kutoka kwa Sacco yake kwa riba nafuu, kuliko kukimbilia mkopo wa siku moja kwa kuwa fomu zake ni chache.

Bima nayo inahitaji kueleweka. Ile inayolazimishwa na sheria ni ya kumfidia mtu wa tatu, yaani anayegongwa au kujeruhiwa na pikipiki. Haimlipii mwendeshaji mguu uliovunjika wala pikipiki iliyoibwa. Waendeshaji pikipiki na abiria wao ni miongoni mwa makundi yanayopoteza watu wengi zaidi katika barabara za Kenya, pamoja na wanaotembea kwa miguu. Mwezi mmoja nje ya kazi kwa ajili ya mguu uliofungwa plasta humaliza akiba ya miaka kadhaa. Kwa hivyo kofia nzuri ya usalama, hata ikigharimu maelfu, ni ya kuhesabiwa pamoja na tairi na breki. Si pambo la kununuliwa pesa zikibaki.

Baada ya hapo, petroli. Ingawa ni nusu tu ya gharama, ndiyo nusu iliyo mikononi mwa mwendeshaji kila siku, na tofauti kati ya anayeijali na asiyeijali si ndogo. Njia ya kuipima ni rahisi na haihitaji fundi. Tangi hujazwa hadi juu, nambari ya kilomita huandikwa, kisha pikipiki hutumiwa kama kawaida. Siku ya kurudi kwenye kituo, tangi hujazwa tena hadi pale pale, na lita zilizoingia huandikwa. Ikiwa nambari ilikuwa 12,340 na sasa ni 12,655, umbali ni kilomita 315. Ikiwa zimeingia lita saba, pikipiki imekwenda kilomita 45 kwa lita. Hesabu ya siku moja huweza kupotosha, lakini ya mara tatu mfululizo haidanganyi. Wanaonunua petroli ya Sh100 leo na ya Sh200 kesho hawawezi kamwe kujua pikipiki yao inakula kiasi gani, na ndio wa kwanza kulalamika kwamba siku hizi mafuta hayakai.

Pikipiki iliyokuwa ikienda kilomita 45 kwa lita ikishuka hadi 38, kwa mwendo wa kilomita 880 kwa mwezi mwenyewe anapoteza lita 3.6, yaani karibu Sh650. Aghalabu chanzo huwa kitu kidogo. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hujibonyeza chini, na injini hulazimika kuisukuma kama anayetembea mchangani. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kwenye kibandiko karibu na cheni, si kwa kupiga tairi teke. Cheni kavu au iliyokazwa kupita kiasi hula nguvu. Nyingi hutakiwa kucheza sentimita mbili hadi tatu katikati yake. Breki ya nyuma iliyokazwa sana huendelea kusugua hata mguu ukiwa haupo. Kuigundua, pikipiki husimamishwa kwa stendi kubwa, gia ikiwa huru, na gurudumu kuzungushwa kwa mkono. Likisimama mara moja, petroli inaishia kwenye breki.

Hewa ina umuhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo moja yake huhitaji takriban kilo 15 za hewa. Kichujio kikizibwa na vumbi, kama inavyotokea upesi katika barabara za murramu, injini hukosa hewa, petroli huwa nyingi kupita kiasi na sehemu yake hutoka kwenye ekzosi ikiwa moshi mweusi. Plagi iliyojaa masizi meusi na makavu ni dalili ya jambo hilo hilo. Pikipiki za kabureta pia huathiriwa na mwinuko. Iliyorekebishwa Mombasa, mahali bahari ilipo, ikipelekwa Limuru iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, itakunywa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuiunguza, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Fundi mwenye ujuzi hurekebisha hilo kwa dakika chache. Asiye na ujuzi huchezea skrubu hadi injini ingurume vizuri ikiwa imesimama, akadhani amemaliza.

Kisha kuna mkono wenyewe. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, nguvu inayohitajika kuisukuma hewa huongezeka hadi karibu mara mbili na nusu. Ndiyo maana pikipiki ile ile iliyopimwa katika mitaa tulivu huonekana mlafi katika Thika Superhighway, ambako barabara pana humshawishi mwendeshaji kufungua mkono wote. Mwavuli mkubwa unaofungwa mbele kuzuia mvua na jua, jinsi wafanyavyo wahudumu wengi wa bodaboda, ni tanga linalovuta kinyume. Kushika breki kwa ghafla nako ni kutupa petroli iliyotumika kupata mwendo huo. Anayeona taa nyekundu mbali akaachilia mkono mapema hufika pale pale kwa gharama ndogo.

Ujanja mmoja unaopendwa hauna faida. Ni ule wa kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ndogo isiyofanya kazi hutumia petroli kidogo mno, na kinachookolewa katika mteremko wa dakika mbili ni matone. Kinachopotea ni msaada wa injini katika kupunguza mwendo, mzigo wote ukaachiwa breki ambazo hupata moto na kuanza kuteleza. Ni biashara mbaya kwa bei yoyote ya petroli.

Petroli nyingine huharibika kabla ya kuingia kwenye tangi. Katika masoko na vijiji, petroli huuzwa kwenye chupa kando ya barabara kwa bei ya juu kuliko ya kituo, na hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Mafuta taa ndiyo yaliyotumiwa sana katika kuchakachua, na ni kwa sababu hiyo serikali ilianzisha mwaka wa 2018 ada maalumu ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Mafuta taa yakiingia kwenye injini ya petroli, hugonga, hukosa nguvu na kuacha masizi kwenye plagi na vali. Anayeokoa safari ya kwenda kituoni hulipa kwa fundi.

Kuhusu bei yenyewe, mwendeshaji hana la kufanya. Udhibiti wa bei ulianza Desemba 2010, na tangu hapo kila mji hupewa kiwango chake kulingana na gharama ya kuyafikisha mafuta. Mombasa, yanakoshukia, hulipa kidogo kuliko Nairobi, nayo Mandera huwa miongoni mwa sehemu zinazolipa zaidi. Ushuru pia umechangia: mwaka wa 2023 kodi ya VAT kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ada ya kukarabati barabara ikaongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Oktoba 2023, lita ya petroli jijini Nairobi ilifika Sh217.36. Kwa bei hiyo, lita 22 za mfanyakazi wetu wa Rongai zingegharimu Sh4,782, yaani Sh822 zaidi kuliko katika mfano wetu. Hata hivyo, mwenye matatu naye hununua petroli au dizeli, na nauli hupanda. Anayetumia lita chache ndiye anayeumia kidogo bei zikipanda, na hapo pikipiki ina heshima yake.

Swali ambalo limeanza kuulizwa ni iwapo petroli ni ya lazima. Pikipiki za umeme zinaonekana Nairobi na miji mingine, na Septemba 2023 serikali ilizindua jijini Mombasa mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme. Pikipiki ya aina hiyo hutumia takriban uniti tatu hadi nne za umeme kwa kilomita 100. Kwa kilomita 880 za mfano wetu, ni uniti 31 hivi. Hata uniti moja ikigharimu Sh30 nyumbani, ni chini ya Sh1,000 badala ya Sh3,960. Aprili 2023, EPRA ilipoidhinisha viwango vipya vya umeme, ilitenga ada ya Sh16 kwa uniti kwa ajili ya usafiri wa umeme, na Sh8 katika saa za usiku ambapo matumizi huwa chini, bila kuhesabu kodi na ada nyingine. Wanaofaidika hasa na kiwango hicho ni wenye vituo vya kuchajia. Mafuta ya injini hayahitajiki, wala plagi, wala kichujio.

Gharama hapo imehamia kwenye betri. Baadhi ya kampuni humuuzia mteja pikipiki bila betri, naye hulipa kila anapobadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa kituoni. Mpango huo unamfaa mhudumu wa bodaboda anayetembea zaidi ya kilomita 100 kwa siku na asiyeweza kusimama saa nne akisubiri kuchaji. Mfanyakazi wa kilomita 40 kwa siku anaweza kuchaji usiku akilala, mradi betri ni yake na ana mahali pa kuichomeka. Kwa wakazi wa nyumba za kupanga, hilo la mwisho ndilo gumu. Betri kubwa huweza kuwa na uzito unaokaribia mtungi wa maji wa lita 20, na anayeishi ghorofa ya nne hawezi kuipandisha ngazini kila jioni. Kabla ya kuuliza bei dukani, mpangaji wa namna hiyo huanza kwa kumuuliza mwangalizi wa ploti kama kuna soketi karibu na mahali pa kuegesha, na nani atalipa tokeni.